Tatizo Kabla ya Suluhisho: Mwongozo Kamili wa Kufafanua Tatizo katika Utafiti wa Usanifu

Ombi lilikuja katika sentensi moja: "Tutengenezeeni programu ya kuwakumbusha wagonjwa tarehe zao za kliniki, maana hawafiki." Hospitali yenyewe sitaitaja. Walikuwa na daftari la mahudhurio, na karibu kila ukurasa ulikuwa na majina yaliyozungushiwa duara jekundu: hakufika, hakufika, hakufika. Fedha zilishatengwa na mwandishi wa programu alishapatikana. Mimi na mwenzangu tuliitwa kuchagua maneno ya ujumbe na mpangilio wa vitufe.

Kabla ya kuanza, nikaomba nizungumze na watu kumi kati ya wale wenye duara. Muuguzi akawapigia kwanza kuomba ridhaa, kisha akanipa simu. Wa kwanza kupokea alikuwa mama mtu mzima.

"Shikamoo mama," nikasema. Nikajitambulisha na kumweleza kwamba nauliza habari za kliniki ya mwezi uliopita.

"Marahaba mwanangu. Mimi mbona nilikuja."

Nikadhani amechanganya siku. Hakuchanganya. Alifika saa 3 asubuhi, akaambiwa asubiri faili lake litafutwe, akakaa hadi saa 7, akaona gari la kurudi kwao litamwacha, akaondoka. Jina huandikwa kwenye daftari pale mgonjwa anapofika mezani kwa muuguzi, na yeye mezani hakufika. Kwa mujibu wa daftari, hakuja.

Programu ya kukumbusha ingemfaa nini mama huyu? Angekumbushwa kuja kukaa tena kwenye benchi lile lile. Tangu siku ile sianzi kazi yoyote ya usanifu bila kupitia hatua ninazozieleza hapa, hata mteja anaposema tatizo linajulikana. Hasa anaposema linajulikana.

Kwanza, tunazungumzia nini

Usanifu, au dizaini kama wengi tunavyosema kila siku, ni kupanga kitu kabla hakijatengenezwa: fomu, huduma, kifaa, programu, jengo. Utafiti wa usanifu ni kazi ya kujua watu wanafanya nini hasa, wanakwama wapi na kwa nini, ili mpango huo usisimame juu ya kubahatisha. Ndani ya utafiti huo, kufafanua tatizo ndiko kunakopewa muda mdogo kuliko vyote, kwa sababu kila aliyeko kwenye kikao anaamini tayari analijua.

Mwaka 1957 mwanatakwimu Allyn Kimball aliandika juu ya "kosa la aina ya tatu": kutoa jibu sahihi kwa tatizo ambalo silo. Kosa hili ni gumu kulitambua kwa sababu kazi yenyewe inakuwa nzuri. Programu inafanya kazi, ujumbe unafika, na wagonjwa wanaendelea "kutofika".

Jina unalolipa tatizo ndilo linaloamua utatazama wapi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi la anga la Marekani lilipata ajali za kushangaza. Rubani ametua salama, ndege inakimbia kwenye njia yake, halafu anakunja magurudumu badala ya kurudisha flapu za mabawa (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua), na ndege inalala tumbo. Ripoti ziliita jambo hili kosa la rubani. Ukiliita hivyo, dawa yake ni mafunzo na adhabu. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis akaenda kutazama chumba cha rubani chenyewe, akakuta kidhibiti cha magurudumu na cha flapu vimekaa karibu na vinafanana, na kwamba kwenye aina za ndege ambazo havikuwekwa hivyo, kosa hilo halikuwepo. Dawa ikawa kukipa kishikio cha magurudumu umbo la gurudumu dogo, na cha flapu umbo la kabari, ili mkono ujue bila macho kutazama. Mwaka 1947 Paul Fitts na Richard Jones walichambua visa 460 vilivyokuwa vimeitwa makosa ya marubani katika kutumia vidhibiti; kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la kushika kidhibiti kimoja ukidhani ni kingine. Marubani walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni sentensi ya tatizo.

Hatua ya 1: Andika ombi neno kwa neno, kisha lipasue

Mteja, bosi au mfadhili anapoleta kazi, andika sentensi yake kama alivyoitamka, usiirembe. Kisha ipasue vipande vitatu: hali anayoiona, sababu anayoidai, na suluhisho analolitaka. Ombi la hospitali linapasuka hivi. Hali: daftari linaonyesha wengi hawafiki. Sababu inayodaiwa: wanasahau. Suluhisho: programu ya kukumbusha.

Tazama jambo moja. Neno "wanasahau" halimo kwenye ombi. Hakuna aliyelitamka. Limejificha ndani ya neno "kuwakumbusha", kwa maana huwezi kumkumbusha asiyesahau. Sababu nyingi huingia kwenye mradi kwa mlango huo wa nyuma, zikiwa zimebebwa na kitenzi cha suluhisho. "Kuelimisha" kimebeba madai kwamba watu hawajui. "Kuhamasisha" kimebeba madai kwamba wanajua ila hawataki. "Kurahisisha" kinadai kwamba ugumu ndio unaowazuia. Kila ukiona kitenzi cha namna hii, kitoe, uandike madai yake pembeni kwa sentensi kamili ili yaweze kukaguliwa.

Ogopa pia neno "ukosefu". Ukosefu wa programu, ukosefu wa elimu, ukosefu wa mfumo wa kisasa. Tamko la tatizo linaloanza na ukosefu wa kitu fulani limeshaamua kwamba dawa ni kitu hicho hicho. Uliza: kitu hicho kikikosekana, ni nini kinatokea, kwa nani, lini? Jibu la hapo ndilo mwanzo wa tatizo.

Kabla hujaondoka kikaoni, muulize aliyeleta kazi maswali haya: Ulijuaje kwamba kuna tatizo? Lilianza lini, na kwa nini limekuwa la haraka sasa? Nani mwingine ameshajaribu kulitatua, na ilikuwaje? Nani anafaidika hali ikibaki ilivyo? Swali la mwisho liulize kwa upole. Halimfurahishi kila mtu, lakini majibu yake huokoa miezi.

Hatua ya 2: Orodhesha unayoyaamini, na upige hesabu

Chukua karatasi uandike kila jambo ambalo lazima liwe kweli ili suluhisho lililopendekezwa lifanye kazi. Wagonjwa wana simu. Simu ni zao wenyewe. Wanasoma ujumbe. Wamesahau tarehe. Wakikumbuka watakuja. Wakija watahudumiwa. Sasa weka alama kwenye yale ambayo yakiwa ya uongo mradi wote unaanguka. Hayo ndiyo ya kuyatafutia ushahidi kwanza, siyo yale ambayo ni rahisi kuyathibitisha.

Mengine hayahitaji hata kutoka ofisini, yanahitaji kalamu. Mradi wa PlayPump ulikuwa bembea ya kuzunguka iliyounganishwa na pampu: watoto wacheze, maji yapande kwenye tangi. Mwaka 2006 ulitangaziwa nchini Marekani ahadi ya dola milioni 16.4, na lengo likawa kufunga pampu 4,000 barani Afrika ifikapo 2010. Kila pampu ilisemwa ingehudumia watu hadi 2,500. Mwaka 2009 gazeti la The Guardian la Uingereza likapiga hesabu: kwa kiwango cha chini cha lita 15 kwa mtu kwa siku, watoto wangelazimika kucheza saa 27 kila siku. Siku ina saa 24. Baadhi ya mahali pampu za mkono zilizokuwa zikifanya kazi ziling'olewa kupisha bembea, na kina mama wakaishia kulisukuma gurudumu wenyewe. Watu waliohusika walikuwa na nia njema, sina shaka. Lakini sentensi yao ya tatizo ilikuwa imeshakuwa sentensi ya bembea, na hakuna aliyeikalia chini kuizidisha na kuigawanya.

Hatua ya 3: Chagua wa kuwasikiliza

Kosa la kawaida ni kuzungumza na walio karibu: wanaoitumia huduma tayari, wanaopokea simu mara moja, wanaokubaliana na mradi. Panga makundi manne. Wanaotumia na wanaridhika. Wanaotumia kwa shida. Walioacha. Na wale ambao hawajawahi kufika kabisa. Ongeza watumishi wa mstari wa mbele, kwa maana karani wa dirishani anajua mambo ambayo meneja hajawahi kuyaona.

Watu wangapi? Wengi hurudia kanuni ya watu watano, inayotokana na kazi ya Jakob Nielsen, mtafiti wa urahisi wa kutumia programu na tovuti. Kanuni hiyo inahusu kujaribu kiolesura, yaani sehemu ya programu ambayo mtumiaji anaiona na kuigusa, ambacho tayari kipo ili kubaini kasoro zake. Kwa kutafuta tatizo lenyewe haitoshi kuifuata kibubusa. Kanuni yangu ni kuendelea ndani ya kila kundi hadi mazungumzo mawili au matatu mfululizo yasilete jambo jipya. Kwa kawaida kundi moja huanza kujirudia baada ya watu sita au wanane. Kundi likikataa kujirudia, huenda ni makundi mawili uliyoyachanganya.

Hatua ya 4: Nenda ukatazame

Usitegemee kusimuliwa peke yake. Watu hawadanganyi, ila wamezoea. Jambo wanalolifanya kila siku halionekani tena kwao kuwa la kutajwa.

Nenda mahali penyewe, kwa ruhusa, jitambulishe kwa kila mtu unayemtazama, mweleze utaandika nini na nani atasoma, na umwache awe huru kukataa. Kaa angalau mzunguko mmoja kamili wa shughuli, tangu inapoanza hadi inapofungwa. Ukija saa 4 na kuondoka saa 5 utaona saa moja, hutaona siku.

Gawa ukurasa wa daftari lako safu mbili. Kushoto andika ulichokiona na kusikia tu. Kulia andika unachodhani kinamaanisha. "Amekunja kadi na kuiweka kifuani" inakaa kushoto. "Amekata tamaa" inakaa kulia. Ukizichanganya, wiki mbili baadaye hutajua kipi ulikiona na kipi ulikibuni.

Lucy Suchman, mtafiti wa Xerox PARC, kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, alikwenda mbali zaidi. Aliwarekodi kwa video watu wawili wawili wakihangaika na mashine ya kunakilia, halafu akapanga kila kilichotokea kwenye safu nne. Upande mmoja palikuwa na matendo ya watu ambayo mashine haiwezi kuyajua, na matendo ambayo mashine inayajua. Upande wa pili, yale mashine iliyoyaonyesha kwa watumiaji, na mantiki iliyokuwa nyuma yake. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1987. Safu ya kwanza ndiyo iliyojaa: maneno waliyoambiana, kuinama, kusitasita, kukisia. Mashine ilijua tu kitufe kilichobonyezwa.

Nimeichukua safu hiyo ya kwanza nikaifanya swali ninaloliuliza kila mahali: *chombo kinachotuletea habari za tatizo hili, chenyewe kinaona nini na hakioni nini?* Daftari la hospitali ile lilikuwa linaona watu waliofika mezani. Halikuona lango, halikuona benchi, halikuona chumba cha mafaili. Kila takwimu iliyotoka humo ilikuwa takwimu ya meza.

Tulipokaa pale siku nzima, kitu kilichotufumbua macho zaidi kilikuwa kijitabu cha shule cha kurasa 40, chenye kalamu iliyofungwa kwa uzi, kwenye kiti cha mlinzi. Mlinzi alikuwa akiandika majina ya wanaofika, kwa hiari yake, ili watu wasigombane juu ya nani alitangulia. Hakuna ofisini aliyejua kama kipo. Palikuwa na majina ambayo daftari rasmi liliyazungushia duara jekundu siku hiyo hiyo.

Tafuta vitu kama hivyo: karatasi iliyobandikwa ukutani kwa mkono, orodha ya pembeni, namba iliyoandikwa kiganjani, kiti kilichosogezwa kuziba njia. Kila kiraka kama hicho ni mahali ambapo mtu alikutana na tatizo kabla yako akalitengenezea jibu lake.

Hatua ya 5: Hoji juu ya tukio

Lugha yetu inatusaidia sana hapa, tukiisikiliza. Ukimuuliza mtu "Huwa unafanyaje ukitaka kwenda kliniki?", ile *hu-* inamwomba desturi, naye atakupa desturi: jinsi mambo yanavyopaswa kuwa, yamenyooka, hayana vumbi. Ukimuuliza "Mara ya mwisho ulipokwenda ilikuwaje?", *-li-* inamrudisha kwenye siku fulani, na siku fulani ina mvua, ina foleni, ina mtoto aliyeachwa kwa jirani. Na ukimuuliza "Ungependa tukutengenezee programu?", *-nge-* inamwomba ndoto. Mtu muungwana hawezi kukuvunja moyo, atasema ndiyo. Ndiyo hiyo usiihesabu.

Kwa hiyo omba kisa. Mwaka 1954 John Flanagan alichapisha mbinu ya kukusanya visa mahususi, vizuri na vibaya, badala ya maoni ya jumla, na hadi leo sijaona inayoizidi kwa urahisi. Mwombe mtu akueleze mara moja ambapo mambo yalienda vibaya, na mara moja ambapo yalienda vizuri kuliko alivyotarajia. Mfuate hatua kwa hatua: halafu? Nani alikuwepo? Ulisema nini? Ulikuwa umeshika nini mkononi?

Ukishauliza, nyamaza. Hesabu hadi tano kimoyomoyo kabla ya kuuliza jingine. Maneno mengi ya maana niliyowahi kuyaandika yalikuja katika ile pumzi ambayo mhoji asiyezoea angeijaza kwa swali jipya. Usimalizie sentensi za mtu. Usitafsiri maneno yake kwa ya ofisini. Akisema "walinizungusha", andika "walinizungusha", usiandike "ucheleweshaji wa huduma". Katika kuzungushwa kuna mtu anayezungusha na mtu anayezungushwa. Katika ucheleweshaji hakuna mtu hata mmoja.

Hatua ya 6: Panga, na usikimbilie kuamua

Andika kila ulichokiona au kusikia kwenye kikaratasi chake, jambo moja kwa kikaratasi. Visambaze mezani au ukutani. Mwanaanthropolojia wa Japani, Jiro Kawakita, ndiye aliyeieneza njia hii ya kuviacha vikaratasi vijikusanye vyenyewe kwa kufanana, badala ya kuvipanga chini ya vichwa ulivyoviandaa kabla. Vichwa vya kuandaliwa karibu kila mara huwa ni majina ya idara: mapokezi, famasia, maabara. Ukipanga kwa idara, utapata matatizo ya idara, na lile linaloishi katikati ya idara mbili litakuponyoka. Kundi likishapata umbo, lipe jina la sentensi nzima. "Mawasiliano" si jina. "Mgonjwa hajui kama faili lake limepatikana" ni jina.

Fanya hivi na watu wawili au watatu, kisha ondokeni, mlale, mrudi kesho mvipange upya kuanzia mwanzo. Najua inachosha. Lakini mpangilio wa kwanza huwa umebeba mawazo mliyokuja nayo.

Kuna uchunguzi ninaoukumbuka kila ninaposhawishika kuharakisha hatua hii. Jacob Getzels na Mihaly Csikszentmihalyi waliwapa wanafunzi 31 wa sanaa jijini Chicago vitu 27 juu ya meza, wachague, wavipange kwenye meza ya pili, wachore. Waliovishika na kuvigeuza vitu vingi zaidi, na waliochelewa kuamua mchoro wao unahusu nini, ndio ambao kazi zao wataalamu walizipa alama za juu kwa upya wake. Walikuwa na vifaa vile vile. Waliwazidi wenzao katika kulitafuta tatizo.

Hatua ya 7: Uliza kwa nini, lakini ujue pa kusimama

Desturi ya Toyota ya kuuliza "kwa nini" mara tano inajulikana, na inafaa. Ina mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba inakupa mnyororo mmoja, wakati jambo la watu huwa na mizizi kadhaa. Kwa hiyo kila "kwa nini" itafutie majibu mawili au zaidi, na kila jibu lioneshe kikaratasi kinacholithibitisha. Wa pili ni pa kuishia. Ukisimama mapema unaishia kwa mtu: karani mzembe, mgonjwa msahaulifu. Ukienda mbali mno unafika kwenye umaskini, utamaduni, siasa, na pale huna la kufanya kesho asubuhi.

Simama kwenye ngazi ambayo unaweza kuibadilisha wewe au aliyekupa kazi, huku ukiandika waziwazi ngazi za juu ulizoziacha. Horst Rittel na Melvin Webber waliandika mwaka 1973 kwamba matatizo ya mipango ya jamii, yale sugu, hayana ufafanuzi mmoja wa mwisho, na kwamba kila moja linaweza kuonekana kuwa dalili ya lingine. Hawakusema tusiyafafanue. Walituonya kwamba pale unaposimama ni uamuzi wako, na uamuzi una mwenyewe wa kuulizwa.

Hatua ya 8: Andika tamko la tatizo

Sasa ndipo tunaandika. Tamko zuri linataja nani, katika hali gani, anajaribu kufanya nini, nini kinamzuia, na matokeo yake ni nini kwake. Linabeba ushahidi. Halitaji suluhisho. Sentensi mbili au tatu zinatosha.

La kwanza tuliloandika lilikuwa hili: *Kuna ucheleweshaji katika utoaji wa huduma za kliniki.* Halina mtu. Haliwezi kuwa la uongo, kwa hiyo halisemi kitu.

La pili: *Wagonjwa huondoka kwa sababu hakuna mfumo wa kielektroniki wa mafaili.* Hapa "ukosefu" umerudi ukiwa umevaa kanzu nyingine. Mwenzangu ndiye aliyeligundua. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulipenda.

La tatu: *Wagonjwa wanaotoka mbali hufika siku ya miadi, lakini baadhi huondoka kabla ya kuandikwa, kwa sababu jina huandikwa baada ya faili kupatikana na utafutaji wa faili huzidi muda walio nao kabla ya usafiri wa kurudi. Daftari huwahesabu kuwa hawakufika, na matibabu yao hukatika.*

Lipitishe tamko lako kwenye majaribio haya kabla ya kulionyesha. Je, kuna jambo ambalo likigundulika litalifanya kuwa la uongo? La tatu lingeanguka kama kijitabu cha mlinzi kingeonyesha hawakuja kweli. Je, unaweza kufikiria masuluhisho matatu tofauti kabisa? Kama ni moja tu, umelificha ndani. Je, mtu anayehusika akisomewa atasema "ndiyo, hivyo hivyo"? Na je, kitenzi kina mtendaji, au umetumia kauli ya kutendwa kumficha?

Hatua ya 9: Lirudishe kwa wenyewe

Wasomee tamko wale uliowahoji, kwanza walioumia. Watalisahihisha, na masahihisho yao mara nyingi ni neno moja. Kwetu, yule mama aliuliza kwa nini tumeandika "huondoka". "Hatuondoki," alisema, "tunaachiliwa." Tukalijadili sana. Mwishoni tukaongeza kwamba hakuna mtu anayemwambia mgonjwa asubiri kwa muda gani.

Kumpelekea bosi ni kazi nyingine. Usimwambie alikosea. Mpe ombi lake la awali, mpe ushahidi kwa utaratibu ulioupata wewe, na umwache afike mwenyewe. Sisi tuliweka daftari rasmi na kijitabu cha mlinzi bega kwa bega, siku moja, hatukusema neno. Mganga mkuu alipitisha kidole jina kwa jina.

Hatua ya 10: Jaribu kwa gharama ndogo, kisha lifungue tena

Tamko ni dhana iliyoandikwa vizuri, na linakomaa linapogusana na majaribio. Kwa hiyo jaribio la kwanza liwe dogo na la haraka kiasi kwamba kushindwa hakuumizi. Mwaka 1959 Henry Kremer, mwenye viwanda wa Uingereza, aliweka zawadi kwa ndege itakayorushwa kwa misuli ya binadamu kupita njia ya umbo la nane kuzunguka nguzo mbili zilizoachana nusu maili. Miaka ikapita, ndege za ustadi mkubwa zikajengwa, na zawadi ikabaki. Paul MacCready na wenzake wakajenga Gossamer Condor kwa mirija ya alumini, waya na plastiki nyembamba, ndege ambayo ikianguka inatengenezwa na kurushwa tena bila kupoteza miezi. Tarehe 23 Agosti 1977, Bryan Allen akikanyaga pedali, wakaichukua. Naisoma kazi yao hivi: wengine walikuwa wanatafuta ndege bora, wao walitafuta namna ya kujaribu mara nyingi.

Jaribio letu halikuwa na programu wala umeme. Majina yaandikwe langoni, kwenye daftari rasmi, mtu anapofika. Mafaili ya kesho yatolewe kabatini jioni ya leo. Wiki nne.

Kuandika langoni kulibadilisha takwimu mara moja, kama tulivyotarajia. Ambacho hatukukitarajia ni waliobaki na duara jekundu. Sasa walikuwa wachache, na hawa hawakuja kweli. Muuguzi akawapigia. Simu kadhaa zilipokelewa na watoto wa wagonjwa, wanaoishi kwingine, ambao hawakuwa na habari ya kliniki yoyote. Namba iliyokuwa kwenye faili ilikuwa ya aliyemleta mgonjwa siku ya kwanza. Ujumbe wa kukumbusha ungekwenda kwao.

Tukafungua ukurasa mpya, tukachora mstari katikati, na upande wa kushoto nikaandika: "Simu imepokelewa na kijana. Amesema, mama yuko kijijini, mimi niko safarini."